Daktari, eti glasi moja ya waini nyekundu kila usiku inasafisha mishipa na kurefusha maisha?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, ana presha mwaka wa nane sasa na mwaka jana wakamwambia na sukari imeanza, anatumia amlodipine pamoja na vidonge vya sukari. Mama mdogo wetu ambaye alikaa sana Ulaya amemshauri awe anakunywa glasi moja ya waini nyekundu kila usiku, eti inasafisha mishipa ya moyo, inaongeza damu, na wale wazee wa kizungu wanaofikisha miaka mia siri yao ndo hiyo. Akamkumbusha na Paulo alivyomwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo. Mama hajawahi kunywa pombe maisha yake yote ila kwa vile ameambiwa ni dawa amekubali, nikamnunulia chupa ya waini kavu ya hapa hapa kwetu Dodoma. Ana wiki sasa, anasema analala vizuri. Je ni kweli? Na kama siyo kweli hiyo chupa nifanyeje, maana imebaki zaidi ya nusu.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole na uuguzi wa mama. Nianze na la haraka ili usisubiri mpaka chini: leo usiku asinywe. Siyo kwamba glasi za wiki moja zimemuumiza, hapana, usimtishe, ila kwa mtu mwenye presha na sukari, anayetumia vidonge, na ambaye maisha yake yote hajanywa, hamna sababu hata moja ya kiafya ya kumuanzishia. Mama mdogo hajamdanganya lakini. Hayo maneno hata sisi madaktari tuliyasema, tena miaka mingi tu, na mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilifundishwa hivyo, kwahiyo naomba nikueleze yalitoka wapi na yaliharibika wapi, maana ukienda kumwambia tu "daktari kakataa" atakuletea vipande kumi vya whatsapp na utakosa la kujibu.

Habari ilianzia Ufaransa. Wafaransa wanakula siagi, jibini, nyama zenye mafuta, halafu takwimu zikawa zinaonyesha wanakufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo ukilinganisha na Waingereza au Wamarekani. Novemba 1991 kipindi cha televisheni cha Marekani, 60 Minutes, kikarusha hiyo stori na mtangazaji Morley Safer akainua glasi ya waini nyekundu akasema jibu huenda limo humo. Mauzo ya waini nyekundu Marekani yakaruka kwa zaidi ya asilimia 40. Mwaka uliofuata, 1992, mtafiti wa Kifaransa Serge Renaud na mwenzake Michel de Lorgeril wakaandika kwenye jarida la Lancet kwamba pombe ya gramu 20 hadi 30 kwa siku inaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 40 au zaidi. Hapo ndo ikawa imetoka kwenye tivii imeingia kwenye sayansi, na kutoka kwenye sayansi ikaingia midomoni mwa watu mpaka leo iko jikoni kwa mama yako.

Kuna kitu watu hawakukiangalia vizuri kipindi kile. Kwanza vifo vyenyewe vya moyo Ufaransa vilikuwa vinaandikwa pungufu, watafiti wawili wa Uingereza, Law na Wald, walipofanya hesabu mwaka 1999 waliona kama asilimia 20 ya tofauti inatokana na jinsi vyeti vya kifo vilivyojazwa, na sehemu kubwa iliyobaki wakasema ni suala la muda, kwamba Wafaransa walianza kula mafuta mengi miaka ya karibuni tu na madhara ya chakula kwenye mishipa yanachukua miongo kujitokeza. Pili, mwaka huohuo wa 1991 serikali ya Ufaransa ilikuwa inapitisha sheria kali ya kubana matangazo ya pombe, kwa sababu pombe ilikuwa inawaulia watu kwa ini na kansa. Yani wenye nchi yao walikuwa wanaizuia huku dunia nzima inaisifia.

Sasa tuje kwenye tafiti zilizofuata, kwa sababu zilikuwa nyingi kweli, na karibu zote zilionyesha kitu kimoja: ukiwapanga watu kwa kiasi wanachokunywa, wasiokunywa kabisa wanakufa zaidi kidogo kuliko wanaokunywa kidogo, halafu wanaokunywa sana wanakufa zaidi ya wote. Ukichora unapata mchoro kama herufi J. Hiyo J ndo imefundishwa vyuoni na ndo mama mdogo anaisimulia bila kuijua jina.

Tatizo ni hili hapa, na hili ndo kiini cha jibu langu lote. Hebu fikiria mtaani kwenu kuna mzee alikuwa anakunywa miaka thelathini, ini likaharibika, daktari akamwambia acha la sivyo utakufa, akaacha. Mwaka unaofuata anakuja mtafiti na karatasi yake, mzee unakunywa? Hapana, sinywi. Anaandikwa kundi la wasiokunywa! Miaka miwili baadaye mzee anafariki, na kifo chake kinahesabiwa upande wa wasiokunywa. Kule Uingereza profesa Shaper alishalisema hili tangu 1988, kwamba ndani ya kundi la wasiokunywa mmejaa wagonjwa waliolazimika kuacha, mkiwalinganisha na mtu mzima mwenye afya anayekunywa glasi moja jioni, huyo wa glasi lazima aonekane bora. Watu hawakumsikiliza sana. Mwaka 2023 ndo watafiti Zhao, Stockwell na wenzao wakakusanya tafiti 107 zenye watu karibu milioni 4.8, wakazisahihisha kwa kuondoa hayo makosa, na ile faida ya kunywa kidogo ikayeyuka. Kilichobaki ni hatari kupanda kwa wanaokunywa zaidi, na kwa wanawake inaanza mapema kuliko wanaume, kuanzia kama gramu 25 kwa siku. Gramu 25 siyo nyingi ujue, glasi ya mililita 150 ya waini ya asilimia 13 ina kama gramu 15 za pombe tupu, kwahiyo glasi moja na nusu hivi, mbili kasoro, umeshafika.

Na kuna sababu ya pili ambayo mimi naipenda kuielezea kliniki kwa sababu kila mtu anaielewa. Denmark walichukua risiti za supamaketi, risiti milioni 3.5, wakaangalia anayenunua waini ananunua na nini na anayenunua bia ananunua na nini. Wa waini kikapuni mna zeituni, matunda, mboga, kuku, jibini isiyo na mafuta mengi, mafuta ya kupikia mazuri. Wa bia mna vyakula vya kupasha tu, soseji, chipsi, soda na sukari. Kwahiyo ukimfuatilia mnywa waini miaka ishirini ukamkuta mzima, umepima waini au umepima kikapu kizima? Na ongeza hapo kwamba wengi wao wana elimu zaidi, mshahara zaidi, bima, wanavuta sigara kidogo, wanapimwa presha mapema. Hata hapa kwetu angalia nani anakunywa glasi ya waini na chakula cha jioni halafu anaishia hapo, na nani hawezi. Glasi ile iko mezani kwa mtu ambaye tayari mambo yake mengi yamekaa sawa, na watafiti wakaipa glasi sifa ya meza nzima.

Ili kukwepa huu mtego Wachina wakishirikiana na Oxford walifanya kitu cha akili sana. Watu wengi wa Asia Mashariki wamezaliwa na jeni (kile tunachorithi kutoka kwa wazazi) inayofanya mwili ushindwe kuchakata pombe vizuri, akinywa kidogo tu uso unawaka, moyo unamwenda mbio, anajisikia vibaya, kwahiyo wanaishi bila pombe au wanagusa tu, siyo kwa sababu ni wagonjwa wala matajiri wala maskini bali wamezaliwa hivyo. Ni kama mungu mwenyewe amepiga kura nani anywe na nani asinywe. Wakafuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa kama miaka kumi, matokeo yakatoka 2019: presha inapanda kadri pombe inavyopanda, stroku (kiharusi) inapanda kadri pombe inavyopanda, na hamna sehemu hata moja chini pale ambapo kidogo kinalinda. Glasi moja mbili kwa siku ziliongeza hatari ya stroku kwa asilimia 10 hadi 15, na kila vinywaji vinne vya ziada kwa siku kwa kama asilimia 35. Mama yako ana presha. Kwake yeye stroku ndo kitu cha kwanza tunachokikimbia, kabla hata ya moyo.

Najua utaulizwa, mbona waini siyo bia, waini ina ile dawa ya kwenye ganda la zabibu. Ni resveratroli. Ipo kweli kwenye ganda la zabibu nyekundu, na waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda ndo maana inakuwa nayo kuliko nyeupe. Mwaka 2003 David Sinclair wa Harvard alionyesha inarefusha maisha ya hamira, halafu 2006 yeye na wenzake wakawapa panya wanene waliolishwa mafuta mengi, wakaishi muda mrefu kuliko panya wanene wenzao. Dunia ikalipuka, kampuni ya dawa GlaxoSmithKline ikainunua kampuni aliyoianzisha Sinclair kwa dola milioni 720 mwaka 2008. Lakini fanya hesabu na mimi. Wale panya walipewa kama miligramu 22 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 ukimpa kwa kiwango hicho ni zaidi ya miligramu 1,300, na waini nyekundu ya kawaida ina kama miligramu 2 kwa lita, kwahiyo ni lita 660 kwa siku! Wenye fani ya dawa watasema siyo sahihi kuhamisha dozi ya panya moja kwa moja, inagawanywa kwa kama 12, sawa, tugawanye, bado inabaki kama lita 55, chupa zaidi ya 70 kila siku. Na hicho kidogo unachokunywa, utumbo na ini vinakibadilisha fasta kabla hakijazunguka mwilini.

Baadae panya waliolishwa chakula cha kawaida wakapewa resveratroli na hawakuishi zaidi ya wenzao. GlaxoSmithKline ikaifunga ile kampuni 2013. Halafu likaja la binadamu, na hili ndo mwambie mama mdogo maana ni la hukohuko Ulaya: eneo la Chianti kule Italia, kwenye waini yenyewe, watafiti walichukua wazee 783 wenye miaka 65 na kuendelea, wakapima resveratroli kwenye mkojo wao, wakawafuatilia miaka 9. Wakafariki 268. Waliokuwa na nyingi mkojoni na waliokuwa nayo kidogo hawakutofautiana kwenye vifo, wala moyo, wala kansa. Ilitoka 2014.

Nisiwe mchoyo, kuna utafiti mmoja mzuri unaoitetea waini na nisipousema nitakuwa sijakutendea haki. Israeli, ulitoka 2015, wagonjwa 224 wa sukari aina ya pili ambao walikuwa hawanywi, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa mililita 150 za waini nyekundu na chakula cha jioni, wengine nyeupe, wengine maji, miaka miwili, wote wanakula chakula cha kule Mediterania. Wa waini nyekundu ile kolestro nzuri, mafuta ya kwenye damu yanayosemwa yanalinda moyo, ikapanda kidogo, kama pointi 2 hivi. Presha haikubadilika. Sasa hapo lazima ujue kwamba kupanda kwa kolestro nzuri siyo sawa na kuokoka na shambulio la moyo, tulishajifunza kwa machungu mwaka 2006, dawa iliyoitwa torcetrapib ilipandisha hiyo kolestro nzuri sana kabisa na jaribio likasimamishwa kwa sababu waliokuwa wanaimeza walikuwa wanakufa zaidi. Na wale watu 224 walikuwa wanaangaliwa na wataalamu kila hatua, siyo mama yuko nyumbani Area C na chupa kwenye friji.

Jaribio kubwa la kumaliza ubishi lilianza Marekani, watu wasiopungua 7,000 wanywe glasi moja kwa siku au wasinywe kabisa, likasimamishwa 2018 baada ya kugundulika makampuni ya pombe yalichangia fedha na wahusika walikuwa wanaongea nayo tangu wakati wa kulipanga. Mimi hilo liliniuma, kwa sababu ndo lilikuwa swali la watu wote.

Sasa ya mama mwenyewe.

Kuongeza damu: hapana. Ule wekundu ni rangi ya ganda la zabibu, hauna uhusiano na wekundu wa damu. Damu inajengwa na madini ya chuma, na ile ladha ya kukaza ulimi kwenye waini kavu, ambayo ndo hiyo hiyo iko kwenye chai ya rangi nzito, inazuia chuma kufyonzwa kutoka kwenye mboga na maharage. Kama ana dalili za upungufu wa damu akapimwe, ni kipimo cha kawaida, na kwa mama wa umri huo damu ikipungua tunatafuta imepotelea wapi, hatufuniki kwa kinywaji.

Kulala vizuri: anasema kweli, pombe inaleta usingizi haraka. Ila muulize saa tisa usiku inakuwaje. Kadri inavyoisha mwilini usingizi unakatikakatika, anaamka kwenda haja ndogo, na kama anakoroma anakoroma zaidi. Hilo la kuamka usiku kwa mtu wa miaka 63 anayemeza dawa ya presha silipendi kabisa, kizunguzungu, giza, vigae vya bafuni, wengi tunawapokea na nyonga zimevunjika.

Dawa: kwenye hivyo vidonge vya sukari angalia pakiti imeandikwa nini. Kama ni glibenclamide au za jamii yake, pombe inaweza kuishusha sukari ghafla usiku amelala, hasa kama hakula vizuri, na mtu akikuta mama anatokwa jasho anaongea visivyoeleweka atadhani amelewa kumbe sukari imeshuka anahitaji msaada saa hiyohiyo. Metformin nayo haitaki pombe nyingi. Na amlodipine inashusha presha, pombe inaipandisha, unakuwa unavuta kamba pande mbili.

Halafu kuna kansa. Tangu 1988 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliweka pombe kwenye kundi la kwanza, vitu vilivyothibitika kuleta kansa, na haijalishi imetoka kwenye zabibu, mtama au ndizi, kwa sababu kinachofanya kazi hiyo ni pombe yenyewe na kile inachogeuka ikifika mwilini. Kwa wanawake kansa ya matiti inaanza kupanda hata kwa kiwango kidogo, kama gramu 10 kwa siku, ambayo ni pungufu ya hiyo glasi yake.

Kuhusu wazee wa miaka mia, ni kweli kisiwani Sardinia, Italia, wanakunywa waini yao nyekundu na wapo wazee wengi. Lakini pia wanapanda milima na mbuzi mpaka uzeeni na wanakula maharage na mikate ya nafaka na wanaishi na wajukuu. Na mama mdogo amesahau kuwataja Wasabato wa Loma Linda, California, ambao hawanywi kabisa, utafiti wa 2001 uliwakuta wanaume wao wanaishi kama miaka 7 zaidi ya Wakalifornia wengine na wanawake kama miaka 4. Kama waini ingekuwa ndo siri wale wangekuwa wa kwanza kuondoka. Kwahiyo na ndugu zetu Waislamu na Wasabato wa hapa wanaoniulizaga kama kuna kitu wanakikosa, hamna mnachokikosa. Na Timotheo aliambiwa kwa ajili ya tumbo lake, kijana mwenye tumbo linalomsumbua, siyo mama mwenye presha na amlodipine.

Sina ugomvi na zabibu ya Dodoma, nataka hilo lieleweke, mi ninajivunia zabibu yetu, tunavuna mara mbili kwa mwaka kitu ambacho Ulaya hawakijui. Anayekunywa tayari na anaipenda, mzima, haendeshi gari, glasi moja na chakula siku mojamoja, sitamkimbiza mtaani. Namwambia tu ahesabu kwamba anakunywa kwa kuipenda, asiiweke kwenye daftari la dawa. Mama yako mpe zabibu yenyewe, konzi moja, na maganda yake, baada ya chakula ili sukari isiruke.

Na kama anataka kitu chekundu cha kunywa jioni, jaribu rosella, choya wengine wanaita. Marekani walijaribu kwa watu 65 wenye presha iliyopanda kiasi, vikombe vitatu kwa siku wiki sita, ile namba ya juu ya presha ikashuka kwa kama pointi 7, waliopewa kinywaji cha kufanana nayo ikashuka pointi 1 tu. Achemshe maua makavu, asiweke sukari, na amwambie daktari wake kwamba anakunywa. Dawa asiache hata siku moja. Mpime presha asubuhi na jioni wiki mbili, andika kwenye karatasi na tarehe, muende nayo kliniki, hiyo karatasi itamsaidia daktari kuliko maelezo yote haya.

Chupa iliyobaki usimwage. Chukua nyama ya ng'ombe ya mifupa kilo moja, vitunguu, kitunguu saumu, karoti, nyanya kidogo, mimina glasi mbili za hiyo waini na maji, funika, moto mdogo masaa mawili na nusu. Ukichemsha nusu saa tu karibu theluthi ya pombe bado imo, lakini kwa muda huo inabaki kama asilimia 5, na ikigawanywa kwa nyumba nzima mama akila kipande chake hamna neno. Chumvi weka kidogo, hiyo ndo ingempandishia presha kuliko huo mchuzi.